Punda ala nyasi kavu, nguvu ya kubeba simiti aitoa wapi?

Swali: Assalam alaykum mwalimu. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu, na kazi yangu ni punda. Twateremsha simiti na mchanga gatini, twapeleka majumbani. Jambo moja lanishangaza. Punda yuwala nyasi kavu, maganda ya ndizi, hata boksi la karatasi akilikuta ndiani yuwalitafuna lote, kisha abeba mzigo tangu asubuhi. Mimi nikila mahamri na mbaazi saa moja, saa saba nishachoka, na Ramadhani ndiyo kabisa. Nguvu hiyo yeye yuwaitoa wapi kwenye nyasi, na mimi mbona siwezi kuipata humo humo? Na la pili, kuna mtu kanambia nimpe mahindi makavu mengi na maji ya sukari jioni ili abebe zaidi. Ni kweli?

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu. La pili nalijibu kwanza kwa sababu lina haraka: usimpe. Sababu utaiona huko mbele, maana haitaeleweka mpaka ujue ndani ya tumbo la punda kunafanyika nini.

Sasa tuje kwenye nyasi. Watu wengi hudhani nyasi ni chakula dhaifu na unga ndio wenye nguvu. Si hivyo. Chukua kilo moja ya nyasi iliyokauka vizuri na kilo moja ya unga wa mahindi, uzichome katika kile chombo cha maabara kinachopima joto. Kila moja itakupa kiasi cha kilokalori 4,000, na tofauti baina yao ni ndogo sana. Nishati imo kwenye nyasi. Imo hata kwenye lile boksi, ndiyo maana boksi huwaka ukilitia kiberiti. Unachokosa wewe ni njia ya kuitoa.

Nishati hiyo asili yake ni jua. Jani huvuta hewa ya kabonidioksaidi, mizizi huleta maji, na umbijani, ile rangi ya kijani, hukamata mwanga. Kwa nguvu ya mwanga huo maji huvunjwa, oksijeni yake ikatolewa nje, na haidrojeni ikaunganishwa na kaboni ya hewa kuwa sukari iitwayo glukosi. Kazi hii ndiyo usanisinuru. Zamani wataalamu wengi waliamini kwamba oksijeni tunayovuta hutoka kwenye kabonidioksaidi. Mwaka 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao huko Marekani walitumia maji yenye oksijeni nzito, inayoweza kufuatiliwa, wakaonyesha kwamba yatoka kwenye maji. Mmea huweka akiba sehemu ndogo tu ya mwanga unaoangukia majani yake, na kwa mimea mingi haifiki hata asilimia 2. Ila jua la Lamu ni jingi, na kidogo hicho ndicho kinacholisha punda, ng'ombe, wewe na mimi.

Mmea ukishapata glukosi huitumia kwa namna mbili zinazotuhusu hapa. Nyingine huiunga minyororo mirefu ikawa wanga, akiba ya kuliwa baadaye, kama iliyomo kwenye mhogo, mchele na mahindi. Nyingine huiunga minyororo mirefu vile vile ikawa selulosi, ambayo ndiyo ukuta wa kila seli yake na ndiyo inayoufanya usimame. Glukosi ni ile ile, kilichobadilika ni kiungo. Ukitaka picha, mkumbuke mtepe na jahazi. Mbao zaweza kuwa za mti mmoja, lakini mtepe umeshonwa kwa kamba za nazi na jahazi limepigwa misumari. Kisu kinachokata kamba hakitang'oa msumari hata ukikinoa vipi. Mate yako na kongosho lako hutoa kimeng'enya, yaani protini ifanyayo kazi kama kisu, cha kukata kiungo cha wanga, na hukikata haraka: tafuna mkate mkavu kwa muda bila kumeza, utausikia ukianza kuwa mtamu. Kiungo cha selulosi kimegeuzwa upande mwingine, na kimeng'enya hicho hakikishiki.

Hapa ndipo watu hustaajabu. Punda naye hana cha kukata selulosi. Ng'ombe hana. Mbuzi hana. Hakuna mamalia atengenezaye mwenyewe kimeng'enya hicho. Wenye uwezo huo ni vijidudu, yaani bakteria, kuvu na protozoa, na punda amewapa nyumba.

Nyumba hiyo iko nyuma, si mbele. Ng'ombe na mbuzi wana tumbo la vyumba vinne, na majani huchachia chumba cha kwanza kabla ya kufika kwenye utumbo. Ndiyo maana wao hucheua. Punda hacheui. Tumbo lake ni dogo, la chumba kimoja kama letu. Chakula hupita humo upesi, kikaingia utumbo mwembamba ambako wanga kidogo uliomo, sukari, protini na mafuta huchukuliwa, kisha nyuzi zote zilizobaki humwagwa katika mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana. Mfuko huo pamoja na utumbo mpana wenyewe huchukua zaidi ya nusu ya nafasi yote ya njia yake ya chakula. Ukimtazama punda aliyeshiba ubavuni, unachokiona kimefura ni pipa hilo la kuchachia. Chakula hukaa mwilini mwake zaidi ya siku moja, sehemu kubwa ya muda huo kikiwa humo.

Ushahidi unaukanyaga kila siku pale Usita wa Mui. Mavi ya punda yana vipande vya nyasi vinavyoonekana kwa macho, ilhali ya ng'ombe ni laini kama udongo uliokandwa. Ng'ombe hutafuna mara ya pili na kuchuja kila kipande mpaka kiwe kidogo. Punda hatoi nishati yote kutoka kila unyasi, lakini hupitisha nyasi nyingi kwa siku, na hata nyasi mbovu isiyo na faida haimzibii njia kama inavyoweza kumzibia ng'ombe. Katika jambo hili yeye ni hodari kuliko hata farasi: hutoa zaidi kutoka nyuzi, na mahitaji yake ni madogo. Punda wa kilo 150 hutosheka na kilo mbili hadi mbili na nusu hivi za chakula kikavu kwa siku, kazi isipokuwa nzito mno.

Nguva wale wa upande wa Kiunga hufanya vile vile. Naye ni mla nyasi, za chini ya bahari, na huzichachia utumbo wa nyuma. Kasa akishakuwa mkubwa na kuanza kula majani ya bahari hutumia mbinu hiyo hiyo. Mchwa anayekula mlango wako pia ana wapangaji tumboni.

Sasa tuangalie hivyo vijidudu vyapata nini na punda apata nini, maana hapo ndipo penye siri yenyewe. Ndani ya pipa lile hakuna oksijeni. Kijidudu hukata selulosi, hupata glukosi, lakini bila oksijeni hakiwezi kuivunja mpaka mwisho. Huchukua nishati kidogo kinayoweza kuichukua, kisha hutupa mabaki. Mabaki hayo ni asidi: asetiki, ambayo ndiyo ile ile iliyomo kwenye siki, na nyingine mbili ziitwazo propioniki na butiriki. Kwa kijidudu hizo ni taka. Kwa punda ni chakula, kwa sababu sehemu kubwa ya nishati ya jua bado imo ndani yake. Hupita kwenye ukuta wa utumbo na kuingia damuni. Kwa mnyama wa jamii ya farasi anayeishi kwa nyasi, zaidi ya nusu ya nishati yake yote huja kwa njia hii. Kwa maneno mengine, punda wako huendeshwa zaidi na siki kuliko na sukari.

Kutoka hapo mambo yenu huwa mamoja, wewe na yeye. Asidi za punda na glukosi ya mahamri yako hufika kwenye seli za misuli, na vipande vyake vikaingia vyumba vidogo viitwavyo mitokondria. Humo ndimo oksijeni unayovuta inamotumika. Haidrojeni ya chakula hunyang'anywa elektroni zake, yaani chembe ndogo mno za umeme, elektroni zikapitishwa ngazi kwa ngazi mpaka kwa oksijeni, na mwisho wake ni maji. Kaboni hutoka puani kama kabonidioksaidi. Nishati iliyotolewa njiani husukuma protoni, yaani haidrojeni iliyokosa elektroni yake, upande mmoja wa utando, na protoni zikirudi hupitia kimeng'enya kimoja ambacho sehemu yake huzunguka kwelikweli, ikiunganisha fosfati na kutengeneza dutu iitwayo ATP. Mwingereza Peter Mitchell alipotoa wazo la protoni mwaka 1961 wenzake wengi hawakumwamini. Mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel.

ATP ndiyo msuli unaoielewa. Msuli hauijui nyasi wala wali. Na mwili hauiweki kwa wingi: iliyomo msulini wakati wowote yatosha sekunde chache tu za kuinua kitu kwa nguvu zote, kwa hiyo hutengenezwa, huvunjwa na kutengenezwa tena bila kupumzika. Mtu mzima kwa siku moja hutengeneza ATP ya uzito unaokaribia uzito wa mwili wake, ilhali iliyomo mwilini kwa wakati mmoja haifiki hata nusu kilo.

Basi mbona wewe wachoka na yeye aenda?

Kwanza, pipa lake halikauki. Wewe hupata nishati kwa mafungu. Umekula saa moja, glukosi imepanda, sehemu imetumika na sehemu imewekwa akiba kama glikojeni, kiasi cha gramu 100 kwenye ini na gramu 400 hivi kwenye misuli. Hiyo ya ini, ambayo ndiyo inayolisha ubongo baina ya mlo na mlo, ni kilokalori 400 tu, na ubongo peke yake hutaka kama humusi ya matumizi yako ukiwa umekaa. Punda naye, nyasi alizokula jana usiku bado zachacha leo adhuhuri, asidi zaingia damuni kidogo kidogo, saa zote. Kumkosesha chakula kwa saa chache wakati wa kazi hakumpunguzii sana, kwa sababu jiko liko ndani.

Hilo ndilo linaloonekana Ramadhani. Alasiri glikojeni ya ini imepungua sana na mwili wako umeshageukia mafuta. Mafuta hayakosi: kijana mwembamba tu hubeba mafuta ya zaidi ya kilokalori 70,000, yatoshayo wiki kadhaa. Ila hayatoki kwa kasi. Misuli ikitegemea mafuta pekee huweza kufanya kazi ya polepole kwa muda mrefu, lakini kazi ya kupandisha mfuko wa simiti ghorofani hutaka glukosi. Ndiyo maana saa kumi na moja waweza kutembea mpaka Shela lakini mzigo ule ule wa asubuhi sasa wauona mara mbili. Ukifuturu kwa tende glukosi na fruktosi zake huingia damuni upesi, na hali hubadilika kabla hata hujamaliza kuswali Magharibi.

Pili ni joto na maji. Msuli wako, sawa na wa punda, hugeuza kama asilimia 20 hadi 25 tu ya nishati kuwa kazi. Iliyobaki yote ni joto, na joto hilo lazima litoke kwa jasho. Lamu hewa ina unyevu, jasho lachuruzika badala ya kukauka, nawe wapoteza maji bila kupoa sawasawa. Uchovu wako wa saa saba, nadhani, sehemu kubwa ni huo kuliko upungufu wa chakula. Punda ana subira kubwa na kiu. Profesa Geoffrey Maloiy, mwanasayansi wetu wa Kenya, alichunguza matumizi ya maji ya punda wa Kisomali na kuchapisha matokeo mwaka 1970. Ilishajulikana kutokana na tafiti za jangwani kwamba punda aweza kupoteza maji ya hata asilimia 30 ya uzito wake akabaki hai, kisha akayarudisha kwa kunywa dakika chache tu. Mtu hupoteza fahamu kabla hajafika nusu ya hapo. Nasema hivi ili ujue uwezo wake, si ruhusa ya kumnyima maji. Punda mwenye kiu hula kidogo, na pipa lisilo na maji halichachi vizuri.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa mizigo, nakuongezea jambo kuhusu huyu huyu Maloiy. Mwaka 1986, yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti wa kina mama wa Kiluo na Kikuyu wanaobeba mizigo kichwani na mgongoni. Waliwapima oksijeni wanayotumia, maana oksijeni ndiyo kipimo cha nishati inayotumika. Kwa kawaida mnyama akibebeshwa mzigo wa asilimia 20 ya uzito wake, matumizi hupanda kwa asilimia 20 hivi, awe farasi, mbwa au panya. Wale kina mama walibeba asilimia 20 ya uzito wao na matumizi hayakupanda hata kidogo. Mwendo wao ndio uliookoa nishati. Tafiti za baadaye kwa kina mama wengine zimeonyesha si kila mtu huweza, lakini kile kilichopimwa kilipimwa. Punda wako hana hila hiyo. Kila kilo unayomwekea ataigharimia. Washauri wengi wa mifugo husema mzigo usizidi theluthi ya uzito wake, na mfuko mmoja wa simiti ni kilo 50. Wa kilo 150 mwekee mmoja. Nawaona wanaoweka miwili na mtoto juu yake, na hilo silitolei hesabu.

Kuhusu kula nyasi wewe mwenyewe: nawe una vijidudu kwenye utumbo mpana, na huchachia nyuzi za kunde, matembele na maganda ya matunda, hukupa gramu moja moja ya asidi zile zile. Lakini kwa chakula chetu wengi haifiki sehemu ya kumi ya nishati yote. Utumbo wetu wa nyuma ni mfupi na nyuzi ngumu hupita tu. Ungekula nyasi kutwa ungeshiba na kufa njaa.

Boksi nalo nisiliache. Selulosi imo, kwa hiyo hupata kitu. Kisichomo ni protini. Vijidudu navyo ni viumbe, vyataka naitrojeni ili vizaliane, na boksi na mabua makavu havina ya kutosha. Punda huwasaidia kwa kurudisha urea ya damuni, ile taka ya protini yenye naitrojeni, ndani ya utumbo badala ya kuimwaga yote kwenye mkojo, ila msaada huo una kikomo. Mpe pia majani mabichi, au majani ya jamii ya kunde ukiyapata. Hatari ya boksi si karatasi, ni ule mkanda wa plastiki uliogandishwa juu yake na kamba za nailoni. Hakuna kijidudu cha kuvunja hizo. Hujikusanya, zikafunga utumbo, na punda hawezi kutapika. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, lakini nailoni bado zaletwa na upepo na maji, kwa hiyo jalala si malisho.

Sasa mahindi na sukari. Ukimwaga mahindi mengi kwa mara moja, tumbo dogo na utumbo mwembamba havimalizi wanga ule. Unaobaki huporomoka mpaka kwenye pipa la nyuma, na huko wako bakteria wengine ambao wanga kwao ni karamu. Huzaliana kwa saa chache, hutoa asidi ya laktiki, ukali unapanda, na wale wakataji wa selulosi wanakufa. Wanapokufa hutoa sumu zinazoingia damuni. Punda hupata msokoto wa tumbo, akijilaza na kuinuka, akitazama ubavu wake. Au siku chache baadaye kwato zinapata moto na uvimbe wa ndani, akawa hataki kukanyaga. Kwato zikiharibika namna hiyo, huenda asibebe tena maisha yake. Sukari huenda njia nyingine, hufyonzwa upesi, lakini punda asiyeitumia yote huiweka mafuta shingoni na mbavuni, na punda mnene yuko karibu zaidi na ugonjwa ule ule wa kwato. Tena punda mnene akikosa kula kwa siku moja au mbili, kwa ugonjwa au kwa huzuni ya mwenzake kufa, mafuta hufumuka kuingia damuni kwa wingi hadi ini likashindwa. Punda wako akisusa chakula, usingoje kesho.

Ukitaka abebe vizuri, ongeza nyasi wakati wa usiku, awe nazo mpaka asubuhi. Siku za kazi nzito waweza kumwongezea pumba mkono mmoja mmoja, mara mbili tatu kwa siku, si debe kwa mkupuo. Chakula kipya kiingize polepole kwa wiki mbili, ili vijidudu vipate muda wa kubadilika. Weka chumvi ya kulamba na maji safi kabla na baada ya kila mzunguko.

Na yatazame mavi yake. Nyuzi zikianza kuonekana ndefu kuliko zilivyokuwa, au akiangusha matonge ya nyasi nusu yametafunwa, jua ni meno. Meno ya punda hayaachi kusogea juu kadiri yanavyolika, na pembeni hufanya ncha kali zinazomkata shavu. Zahanati ya punda iliyopo hapo hapo mjini hukagua na kutibu bila malipo. Mpeleke asubuhi, kabla hujamfunga shogi.